Sheria za Darasani na Uhuru wa Mkristo: Funzo Kutoka Historia ya Shule za Kilutheri

Utangulizi

Kila mwaka vijana wanaochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza hupewa karatasi za maelekezo ya kujiunga na shule. Humo, pamoja na orodha ya ndoo, jembe, shuka na madaftari, mna sheria za shule. Mzazi hutia sahihi, kijana naye hutia sahihi, na karatasi huwekwa katika jalada. Mara nyingi huo ndio mwisho wa mazungumzo juu ya sheria hizo, hata siku ile kijana atakaposimamishwa mbele ya mwalimu wa nidhamu na kuulizwa kama hakuzisoma.

Mtu aweza kudhani kwamba jambo hili lawahusu walimu peke yao. Sivyo. Wachungaji wetu huketi katika bodi za shule. Hufundisha vipindi vya dini. Huwa walezi wa kiroho wa wanafunzi mabwenini. Na kijana anapofukuzwa shule, mara nyingi mzazi hubisha hodi kwa mchungaji kabla hajaenda kwa wakili. Tena ziko shule nyingi zenye jina la Kanisa langoni. Sheria zinazobandikwa ukutani katika shule hizo zasema jambo fulani juu ya Mungu tunayemhubiri, tupende tusipende.

Makala hii yakusudia kutazama jinsi shule za Kilutheri zilivyoweka sheria za darasani tangu siku za Matengenezo ya Kanisa, na kuuliza historia hiyo yatufundisha nini leo. Tutaanzia Mansfeld na Wittenberg, tutakaa zaidi mjini Goldberg, tutapita Halle, na kufika Kilimanjaro na shule za Tanganyika. Hatutafuti kielelezo cha kuiga neno kwa neno. Baba zetu walifanya mengi mema, na mengine ambayo hatuna budi kuyakataa.

1. Mbwa mwitu darasani: shule aliyoikuta Luther

Martin Luther alizaliwa mwaka 1483. Alisoma shule ya Kilatini mjini Mansfeld, kisha Magdeburg mwaka 1497 na Eisenach kuanzia mwaka 1498. Alipokuwa mtu mzima alisimulia mezani kwake jinsi alivyopigwa mara kumi na tano katika asubuhi moja, kwa sababu ya kushindwa kunyambua maneno ambayo hakuwa amefundishwa bado. Yafaa msomaji akiangalie sana kisa hiki. Luther hakulalamika kwamba aliadhibiwa kwa kosa. Alilalamika kwamba alidaiwa kitu asichopewa. Kuadhibu bila kufundisha ni kama kuvuna pasipo kupanda.

Katika shule za Kilatini za wakati ule palikuwa na desturi ya kumteua mwanafunzi mmoja kwa siri, aitwaye kwa Kilatini lupus, yaani mbwa mwitu. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza wenzake na kuandika jina la kila aliyesema Kijerumani badala ya Kilatini, au aliyetenda utovu mwingine. Mwisho wa muda uliowekwa mwalimu alisoma orodha, na viboko vikatolewa kwa hesabu. Palikuwa pia na sanamu ya punda, ambayo aliyenaswa aliivaa shingoni mpaka apatikane mwingine wa kumrithi.

Wasomaji wa Afrika Mashariki watashangaa kuona jinsi desturi hii inavyofanana na iliyotumika katika shule zetu za kikoloni. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, alieleza jinsi watoto wa Kenya walivyopitishiana kibonye: kila aliyesikika akisema lugha ya mama alipokezwa, na jioni mwalimu akafuata mfululizo wa majina. Wengine walivikwa bamba lenye maneno ya kujitukana, na punda hakukosekana. Kati ya Mansfeld na Limuru pana karne nne na nusu na bahari mbili, lakini punda ni yule yule.

Ubaya wa desturi hiyo hauko katika maumivu ya viboko tu. Kanuni ile ilimfundisha mtoto kumtega jirani yake ili ajiokoe mwenyewe. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther aliieleza amri ya nane kwamba yatutaka tumtetee jirani yetu na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Shule inayofundisha Katekisimo asubuhi na kuteua wapelelezi mchana yabomoa kwa mkono wa kushoto kile ijengacho kwa mkono wa kulia.

2. Wittenberg: sheria zinazomfunga mwalimu kwanza

Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani, akiwasihi waanzishe na kuzitunza shule za Kikristo. Katika waraka huo alizilinganisha shule za zamani na jehanamu na toharani, mahali ambapo mtoto aliteswa kwa sarufi na bado hakujifunza kitu kwa sababu ya hofu. Aliona kwamba watoto hupenda kujua na kucheza, na kwamba hekima ya kweli ni kuitumia furaha hiyo katika kufundisha. Mpango wake ulikuwa wa kiasi: wavulana wasome saa moja au mbili kwa siku na wasichana saa moja, kisha wajifunze kazi nyumbani. Katika hali ya nyakati zile, kuwataja wasichana kabisa lilikuwa jambo kubwa.

Luther hakuikataa fimbo. Kwa habari hiyo tusimfanye mtu wa karne yetu. Alisema kwamba karibu na fimbo pawepo tofaa, maana yake adhabu isitengwe na upendo unaoonekana. Lakini katika Katekisimo Kubwa, anapoieleza amri ya pili, alikwenda mbali zaidi. Anasema watoto walelewe kwa njia za upole na za kupendeza, katika kumcha Mungu na kumheshimu. Kwa maana wale wanaolazimishwa kwa mapigo hawafiki pema, nao huwa wema kwa muda ule tu ambao fimbo iko juu ya mgongo. Hapa hasemi kwa huruma peke yake. Anasema kama mwanatheolojia ajuaye nguvu ya sheria na mpaka wake. Sheria yaweza kuuzuia mkono, wala haiwezi kuuzaa moyo.

Mwaka 1528, baada ya ukaguzi wa sharika za Saksonia, Philipp Melanchthon aliandika Maagizo kwa Wakaguzi, na sura ya mwisho ilihusu shule. Mtu akitarajia kuikuta humo orodha ya makatazo kwa wanafunzi atastaajabu. Mambo matatu ya kwanza yanaelekezwa kwa mwalimu: afundishe Kilatini tu, asiwalemee watoto kwa lugha nyingi, asiwatwike vitabu vingi, na awagawe katika makundi matatu kwa kadiri ya uwezo wao. Melanchthon alitoa sababu waziwazi: wako walimu wanaorundika masomo kwa ajili ya sifa zao wenyewe, wala si kwa faida ya mtoto.

Kisha ndipo ratiba inapofuata. Kundi la kwanza hujifunza kusoma, pamoja na Sala ya Bwana na Imani. Kundi la pili huingia sarufi na hadithi za Esopo. Kundi la tatu husoma Virgilio na Cicero. Watoto wote hufanya muziki saa ya kwanza ya alasiri, na siku moja ya juma hutengwa kwa mafundisho ya Kikristo. Kila mmoja ajua yuko wapi, anatarajiwa nini, na atapanda lini. Ndiyo maana halisi ya neno letu nidhamu, ambalo asili yake ya Kiarabu ni mpangilio. Melanchthon aliona kwamba darasa lililopangwa vema huondoa nusu ya makosa kabla hayajatendwa.

3. Goldberg: darasa lililokuwa jamhuri

Aliyelipeleka jambo hili mbele kuliko wote ni mtu ambaye jina lake halisikiki sana katika vyuo vyetu. Valentin Friedland alizaliwa mwaka 1490 katika kijiji cha Troitschendorf karibu na Görlitz, na kwa jina la kijiji hicho akaitwa Trotzendorf. Alikuwa mwana wa mkulima. Inasimuliwa kwamba baba alimtaka shambani, lakini mama, katika maneno yake ya mwisho kwa mwanawe, alimsihi adumu shuleni. Kijana alilishika neno hilo. Alisoma Leipzig, akafundisha Görlitz, kisha akauacha ualimu aende Wittenberg kusikiliza mafundisho ya Luther na Melanchthon.

Kazi yake kubwa aliifanya Goldberg huko Silesia, mji ambao leo uko Poland na huitwa Złotoryja. Alifundisha hapo kwanza katika miaka ya 1520, akarudi mwaka 1531, akaiongoza shule ile kwa zaidi ya miaka ishirini. Wanafunzi walimiminika kutoka Silesia na nchi za jirani, wana wa mabwana na wana wa maskini pamoja. Swali lililomkabili laweza kuulizwa na mkuu wa shule yeyote wa bweni: mwalimu mmoja na wasaidizi wachache watawezaje kuongoza umati wa vijana usiku na mchana?

Trotzendorf hakuongeza wapelelezi, bali aliwagawia vijana madaraka hadharani. Akiufuata mfano wa Rumi ya kale, aliipanga shule kama jamhuri. Wako walioitwa oeconomi, waliosimamia nyumba: saa ya kuamka na ya kulala, usafi wa vyumba na wa mavazi. Wako walioitwa ephori, waliotunza adabu mezani. Wako walioitwa quaestores, walioangalia mahudhurio na bidii ya masomo. Wanafunzi wakubwa waliwafundisha wadogo, na hivyo mafundisho yakashuka ngazi kwa ngazi kama maji katika mfereji.

Juu ya hao palikuwapo baraza la hukumu la wanafunzi wenyewe: konsuli mmoja, maseneta kumi na wawili na makensori wawili. Mwanafunzi aliyeshtakiwa kwa kosa zito hakupigwa papo hapo. Alipewa siku nane za kuandaa utetezi wake kwa Kilatini, kisha akasimama mbele ya baraza na kujitetea. Baraza lilitoa hukumu, na Trotzendorf, aliyejiita dikteta wa kudumu, aliithibitisha. Adhabu za siku zile zilikuwapo, fimbo na kifungo cha shule pia. Lakini kati ya kosa na adhabu liliwekwa sikio la kusikiliza.

Katika sheria za Goldberg mna jambo jingine linalostahili kukumbukwa. Aliyeingia kuwa mwanafunzi aliuvua ubwana wake. Mwana wa mtukufu na mwana wa fundi walihukumiwa kwa kanuni moja na adhabu moja, wala fedha haikununua msamaha. Twapaswa kuelewa uzito wa neno hili katika karne ya kumi na sita, wakati mtoto wa kabaila alipozaliwa akiwa na haki ambazo mkulima hakuziota. Mwana wa mkulima wa Troitschendorf aliuweka usawa ndani ya darasa miaka mia mbili na zaidi kabla mataifa hayajauandika katika katiba zao.

Je, tuusifu utaratibu huu pasipo kuupima? Hapana. Msemaji hodari aliweza kupata nafuu kwa ufasaha wa Kilatini chake, ilhali mwenye ulimi mzito aliumia. Na hukumu inayopendelea ufasaha si hukumu ya haki kamili. Tena jamhuri ile ilikuwa na dikteta, nayo ilikuwa ya wavulana tu. Hata hivyo yatupasa kukiri kwamba kijana wa Goldberg alijifunza kitu kisichofundishwa na fimbo, nacho ni kuibeba sheria kwa niaba ya wengine, na kuhukumu akijua kwamba kesho yeye mwenyewe aweza kuhukumiwa.

Moto uliiteketeza shule mwaka 1554, naye Trotzendorf akahamia Liegnitz pamoja na wanafunzi wake. Huko, mwezi Aprili mwaka 1556, alishikwa na kiharusi alipokuwa akiwaeleza wanafunzi Zaburi ya 23, na baada ya siku chache akafariki. Alikufa akiwa katika wito wake.

4. Halle: jicho lisilolala

Karne moja na nusu baadaye August Hermann Francke, mchungaji wa Glaucha karibu na Halle, alianza kuwafundisha watoto maskini mwaka 1695. Kutoka mwanzo huo mdogo zilikua shule za aina nyingi pamoja na nyumba ya yatima, na alipofariki mwaka 1727 watoto zaidi ya 2000 walikuwa wakisoma humo. Hakuna mwanafunzi wa historia ya Kanisa awezaye kuipuuza kazi hii.

Kwa upande wa sheria, Francke alikuwa na mawazo mawili yanayovutana. La kwanza ni kwamba nia ya asili ya mtoto yapaswa kuvunjwa ili itii mapenzi ya Mungu, na kwa hiyo mtoto asiachwe peke yake wakati wowote. Usimamizi ulikuwa wa saa zote, na michezo ilitazamwa kwa wasiwasi. La pili ni kwamba mwalimu asiadhibu kamwe kwa hasira. Katika maagizo ya mwaka 1713 juu ya nidhamu aliwataka walimu wawe na moyo wa baba, waonye kwanza kwa maneno, na wajitawale wenyewe kabla ya kuwatawala watoto.

Wazo la pili ni hazina. La kwanza lahitaji tahadhari. Kijana ambaye jicho halimwachi kamwe hujifunza kutii jicho. Siku atakapotoka langoni, jicho hubaki ndani ya ukuta, naye huenda bila dira. Wachungaji wanaowapokea wahitimu wa shule kali za bweni walijua jambo hili: yule aliyekuwa mtulivu miaka minne mara nyingine huwa wa kwanza kupotea mjini.

5. Kutoka Kilimanjaro hadi shule za sekondari za Tanzania

Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893 hawakuwakuta watu wasio na elimu. Wachagga walikuwa na mafundisho marefu ya jando na unyago. Mzee alimfundisha kijana akiwa na mregho mkononi, fimbo iliyokatwa alama, kila alama ikikumbusha fundisho lake. Fimbo hii haikuwa ya kupigia, bali ya kukumbushia. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902, alikusanya mafundisho hayo katika juzuu tatu zilizotolewa kati ya mwaka 1932 na 1938.

Gutmann aliona pia kwamba vijana wa rika walifungwa pamoja kwa kifungo cha ngao, kila mmoja akimlinda mwenzake vitani na nyumbani. Alikitumia kifungo hicho katika mafundisho ya kipaimara: vijana waliunganishwa katika vikundi vidogo, na kila mmoja akawajibika kwa mwenendo wa mwenziwe. Wako waliomlaumu Gutmann kwa kuzishika mno desturi za ukoo katika nchi iliyokuwa ikibadilika haraka, na lawama hiyo ina uzito. Lakini tukiiweka ngao ya Moshi karibu na mbwa mwitu wa Mansfeld, tofauti yaonekana wazi. Mbwa mwitu humwangalia mwenzake ili amshtaki. Mwenye ngao humwangalia ili asianguke.

Mkondo mwingine uliingia katika shule zetu kutoka Uingereza. Thomas Arnold, mkuu wa shule ya Rugby kuanzia mwaka 1828 hadi 1842, aliwapa wanafunzi wa darasa la juu mamlaka juu ya wadogo, na mtindo huo ukasambaa katika makoloni. Kwetu walikuwa viranja, wakiongozwa na kaka mkuu au dada mkuu. Kwa nje kiranja hufanana na afisa wa Goldberg. Kwa ndani wako mbali, maana mara nyingi kiranja alipewa uwezo wa kuadhibu bila baraza la kusikiliza. Madaraka yalishuka, lakini hukumu ya haki haikushuka pamoja nayo.

Baada ya Azimio la Arusha, mwezi Machi mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaka shule iwe jumuiya yenye kazi na mashamba yake, na wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua, ili wajifunze maana ya kuamua vibaya na vizuri. Hapa wazo la Goldberg lilitokea tena, bila kuazimwa kutoka huko. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za makanisa chini ya serikali. Makanisa yaliporuhusiwa tena kufungua shule za sekondari kwa wingi, yalizifungua yakiwa na hamu kubwa ya kurudisha nidhamu, na wazazi waliwaleta watoto kwa sababu hiyo hiyo. Tujiulize kwa unyofu: ni nidhamu ipi tuliyoirudisha?

Kanuni za serikali juu ya viboko zilitolewa mwaka 1979, na zile za mwaka 2002 zikaipunguza idadi hadi visivyozidi vinne, zikataka vitolewe na mkuu wa shule au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu. Kenya ilivipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Kabla ya hapo, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, ulitaka nidhamu ya shule ilingane na utu wa mtoto. Hata hivyo, mwezi Agosti mwaka 2018, mkoani Kagera, mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki baada ya kupigwa, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimtia mwalimu hatiani kwa mauaji. Mtoto aliyetoka nyumbani asubuhi na daftari zake hakurudi. Nchi iliomboleza, lakini mimbarani, ni wangapi kati yetu walioligusa jambo hili?

6. Sheria na Injili darasani

Wachungaji wengi huitetea fimbo kwa Mithali 13:24, na wazee wetu huongeza kwamba mcha mwana kulia hulia mwenyewe, na kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hizi ni za kweli. Lakini anayemkunja samaki hutumia mikono, taratibu, akiuhisi mwili wake. Akitumia nguvu atamvunja. Na aliyemwacha mwana bila mwongozo kwa kuogopa kilio chake si sawa na aliyemwongoza bila kumpiga.

Lugha yetu yenyewe yatuonya. Tunayo maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti lakini yenye asili mbali mbali: adabu na adhabu. Adabu ni malezi mema na tabia njema. Adhabu ni mateso ya aliyekosa. Mwalimu asemapo kwamba atamtia kijana adabu huku akiitafuta fimbo, amelichukua neno la kwanza na kulijaza maana ya la pili. Mtume Paulo katika Waefeso 6:4 anawakataza akina baba kuwachokoza watoto, naye anatumia neno la Kiyunani paideia. Biblia yetu ya Kiswahili ililitafsiri neno hilo kuwa adabu, wala si adhabu. Wakolosai 3:21 yatoa sababu: wasije wakakata tamaa.

Theolojia yetu ya Kilutheri yatupa mahali pa kuiweka sheria ya shule. Ni ya matumizi ya kwanza ya sheria, katika utawala wa mkono wa kushoto wa Mungu: huzuia uovu, hulinda wanyonge, huwezesha kazi. Hii ni heshima kubwa. Darasa lisilo na sheria si darasa la neema. Ni darasa la mwenye nguvu, ambapo mtoto mdogo hunyang'anywa chakula bwaloni na msichana hana wa kumlinda. Kwa hiyo mchungaji asidhani kwamba kulegeza sheria ni kuhubiri Injili.

Kosa la pili ni kuifanya sheria ya shule iwe njia ya wokovu. Hutokea pale kuchelewa kengele kunapoitwa dhambi sawasawa na wizi, au kijana aliyefukuzwa anapohesabiwa kuwa amekataliwa na Mungu. Wakati wa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule nchini Tanzania, na mara nyingi usharika ulimfukuza kwa mara ya pili kwa maneno na macho yake. Mwezi Novemba mwaka 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana hao wataruhusiwa kurudi masomoni. Ni jambo la kutufikirisha kwamba mlango huo haukufunguliwa kwanza na sisi tunaohubiri msamaha.

Kutokana na historia hii twaweza kuchota mambo machache kwa ajili ya mwalimu wa sekondari na mchungaji anayemsaidia.

Kwanza, sheria zifundishwe kabla hazijadaiwa. Juma la kwanza la muhula litengwe kwa kueleza kila kanuni na sababu yake, darasa kwa darasa. Sheria isiyoweza kupewa sababu yafaa iondolewe. Ziwe chache kiasi cha kukumbukwa bila karatasi. Amri Kumi ni kumi.

Pili, sheria imfunge mwalimu kwanza. Mwalimu aingie darasani kwa wakati, asahihishe madaftari, asitukane. Kijana huisoma sheria iliyo katika mwenendo wa mwalimu kabla ya ile iliyo ukutani.

Tatu, wanafunzi washirikishwe. Kijana wa miaka kumi na sita aweza kuambiwa: sisi kama darasa tunahitaji nini ili kila mmoja aweze kusoma? Atataja utulivu, kutochekwa anapokosea, kurudishiwa kitabu chake. Kanuni iliyotoka kinywani mwake ataitetea.

Nne, mshtakiwa asikilizwe, na wote wawe sawa, mtoto wa mjumbe wa bodi na mtoto wa mama muuza ndizi. Mwenye ulimi mzito aruhusiwe kuwa na mwenzake wa kumsemea, ili kasoro ya Goldberg isirudiwe.

Tano, asiadhibu mwenye hasira. Na adhabu ikiisha, iishe. Kosa la Kidato cha Kwanza lisitajwe tena mbele ya darasa katika Kidato cha Nne.

Hitimisho

Tumeona njia mbili zikipita sambamba katika historia ya shule zetu. Moja ni ya mbwa mwitu na punda, ya jicho lisilolala na fimbo isiyouliza. Nyingine ni ya makundi matatu ya Melanchthon, baraza la Trotzendorf, mregho na ngao. Njia zote mbili zilikuwa na Wakristo wanyofu ndani yake, na zote mbili zilijidai kuwa ni malezi. Zinatambulikana kwa tunda: ya kwanza huzaa kijana anayeogopa kukamatwa, ya pili huzaa kijana anayeweza kuaminiwa.

Kanisa halikuamriwa kuendesha shule ili kupata wanafunzi watulivu. Utulivu hata kaburi linao. Tunaendesha shule ili vijana wamtumikie jirani katika wito wao, wakiwa watu huru. Basi mchungaji atakapoketi tena katika bodi, na orodha ya sheria ikaletwa ipitishwe, aombe isomwe yote kwa sauti, na kwa kila kanuni aulize: hii inamlinda nani, na inamfundisha kijana kumpenda nani? Kikao kitachelewa kwisha siku hiyo. Si hasara.